Ubao Uliolala Kwetu

Sikumpeleka mtoto wa dada yangu kwenye maonyesho yale kwa wema. Nilimpeleka kwa sababu mama yake alikuwa ofisini hadi jioni, mimi sikuwa na kazi, na mtu asiye na kazi katika nyumba ya dada yake ndiye anayeachiwa mtoto. Kama ningeweza kumwacha kwa jirani, ningemwacha. Nilikuwa na swali la kumuuliza mzungu wa maonyesho, nimelinoa siku tatu, na sikutaka mtu wa kunivuta suruali wakati naliuliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimerudi Bukavu kutoka kampasi ya Lubumbashi na diploma ya historia, nangojea barua ya kunipangia shule ya kufundisha. Barua haikuja. Asubuhi nilisoma, mchana niligombana. Niligombana na redio, niligombana na padri, na zaidi ya wote niligombana na dada yangu huyo, mkubwa wangu, tuliyemwita Yaya, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa akinilisha.

Maonyesho yenyewe yalikuwa picha za maangamizi ya Wayahudi kule Ulaya, wakati wa vita ya pili ya dunia. Zilibandikwa kwenye mbao nyepesi, zikazungushwa mji hadi mji. Zilikuja kwa lori kutoka Bujumbura na kuwekwa juma moja katika ukumbi wa parokia moja ya Ibanda, ukumbi ambao siku nyingine ulikuwa wa harusi na mazoezi ya kwaya. Ilikuwa Jumamosi baada ya saa sita. Mtoto alitoka masomoni moja kwa moja, na sare yake ya buluu na nyeupe, na mkoba ameukumbatia tumboni. Nilitaka kumbebea. Akakataa. Nikafikiri ni ukaidi wa miaka tisa, sikuuliza zaidi.

Mlangoni mbele yetu walisimama mama wawili wenye vikapu, wametoka sokoni Kadutu.

"Ni sinema?" mmoja alimuuliza kijana wa mlango.

"Apana, maman. Ni mapicha."

"Ya kulipa?"

"Ya bule."

"Ya bule?" Akamgeukia mwenzake. "Basi iko kitu ndani. Bazungu habapatiake mutu kitu ya bule. Utaona pale kwa kutoka banatuchoma sindano."

"Ingieni tu, maman, sindano haiko."

"Weye unasema vile juu balikuchoma tayari. Ona vile umekonda!"

Waliingia wakicheka. Dakika kumi baadaye niliwaona wakitoka, vikapu kichwani. Mmoja alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Mimi nilikuwa nimeingia na hasira yangu tayari, kama mtu anayekwenda kuchukua deni. Maandishi ya ubao wa kwanza, kwa Kifaransa, yalisema kwamba mwanadamu hakuwahi kuona jambo kama lile. Mwanadamu gani? Nilifikiria mikono iliyokatwa enzi za ukoloni kwa ajili ya utomvu wa mpira, katika nchi hii hii, na bwana aliyeamuru ikatwe alilala usingizi mzuri katika nchi iliyotuletea waalimu wa dini. Yule mwanadamu hakuona? Au aliowaona hawakuwa wanadamu? Nilikuwa nazipanga sentensi zangu hivyo, moja juu ya nyingine, nikipita mbele ya picha kama mkaguzi.

Kwenye ubao wa nne nilisimama. Ilikuwa picha ya viatu. Viatu tu, lundo refu kuliko nyumba, na chini mbele, kiatu kimoja cha mtoto kilichofungwa kamba vizuri. Sentensi zangu zilibaki pale pale kichwani, hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo, lakini hazikujua zisimame wapi. Hilo nalo lilinikasirisha. Nilitaka kukasirika na watu hawa wa maonyesho, na maiti hawa wakanizuia.

Ndipo mtoto akanivuta suruali, mimi mjomba wake.

"Tonton. Huyu alisema Mashi?"

Alikuwa mbele ya picha ya msichana wa umri wake, amekaa kwenye ngazi za nyumba, amevaa koti, nywele zimegawanywa katikati, amekunja macho kwa jua. Kifuani, upande wa kushoto, alikuwa na ile nyota ya kitambaa waliyovalishwa Wayahudi.

"Nini?"

"Ama Kiswahili. Balimukamata anasema Kiswahili?"

Nilicheka. Kwa nguvu, katika ukumbi ule ambamo hakuna aliyekuwa akicheka. Mzungu wa maonyesho, mtu wa ndevu aliyefundisha katika shule moja ya mapadri, alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Akanigeukia kwa upole na kuuliza kwa Kifaransa mtoto amesema nini. Nikamwambia anauliza kama ile ni alama ya shule. Akainama kidogo, akasema watoto huona mbali. Nilimchukia kwa upole wake. Kisha nikaona kwamba nilikuwa nimemdanganya ili asimwone mtoto wetu mjinga, na kwamba mtoto hakuwa mjinga hata kidogo.

Kwa sababu nilijua alichouliza. Kila mtu aliyesoma kwetu anajua. Katika shule yake, kama katika yangu zamani, palikuwa na kipande cha ubao chenye tundu na kamba. Tulikiita simboli. Mtoto akisikiwa anasema lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa, kiwe Kiswahili, iwe Mashi, anavishwa shingoni. Anakaa nayo hadi amsikie mwenzake akikosea, ndipo anamvisha huyo. Kila siku kengele ya mwisho ikilia, aliye nayo anafagia vyoo. Na ikilala na mtu Jumamosi na Jumapili, huyo Jumatatu anapigwa fimbo tano mbele ya bendera. Redio ilituambia kila asubuhi turudi kwenye asili ya mababu. Majina yetu ya ubatizo yalikatazwa, tai zikakatazwa. Na chini ya bendera hiyo hiyo mtoto alichapwa kwa kusema lugha ya bibi yake. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe, mwenye maswali mengi, sikuwa nimeona ajabu.

"Si ya masomo," nilimwambia. "Serikali ya kule njo iliwavalisha."

"Na akisikia mwengine, anamupatia?"

"Hapana. Hawapokezani."

"Hata akimukamata muzuri?"

"Hata. Si juu ya kusema. Ni juu ya kuzaliwa. Papa yake alivaa, maman yake alivaa, bote ba kwao."

Alifikiri. Ubao uliofuata ulikuwa na mwanamke aliyebeba mtoto mchanga kwenye jukwaa la gari moshi.

"Na haka katoto?"

"Haka hakakuvaa, kalikuwa kadogo. Lakini balikachukua pia."

"Kenyewe hakajue hata kusema."

"Hakajue."

"Basi juu ya nini?"

Nilikuwa na diploma. Nilikuwa nimeandika kurasa themanini, kwa Kifaransa kizuri, juu ya sababu za vita. Akarudi kwa msichana wa ngazini, akasogeza pua hadi karibu iguse picha.

"Nani alishona?"

"Maman yake, nafikiri. Balibalazimisha bajishonee."

"Alishona muzuri. Ona, tu-uzi tudogo tudogo."

Nilitazama. Kweli, mishono ilikuwa midogo midogo, sawasawa, pande zote za nyota, kazi ya mtu ambaye hakutaka mwanawe atoke nje na kitu kilichoshonwa ovyo. Nilikuwa nimesoma vitabu juu ya mambo haya na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na sindano.

"Na kisha?" aliniuliza.

"Kisha walikwenda na gari moshi."

Mimi, niliyekuwa nikimwita padri mwongo mbele ya wageni, nilisema hivyo tu. Lakini maandishi yalikuwa pale chini ya picha, na mtoto alikuwa anajua Kifaransa. Hicho ndicho alichokuwa anafundishwa kwa ubao. Aliyasoma kwa kidole, kwa sauti, neno baada ya neno, kama imla, hadi neno la mwisho lililosema kwamba aliuawa. Hakuniangalia. Nafikiri aliona haya kwa ajili yangu.

Kengele ndogo ikalia: mazungumzo yanaanza. Viti vilipangwa mbele. Nilimwambia mtoto anifuate. Hakunifuata, nami sikugeuka kutazama. Swali langu lilikuwa linaningoja.

Nililiuliza. Nilisimama nikauliza kwa nini hakuna mbao za picha za mikono iliyokatwa huku kwetu, na ni nani atakayeziandaa, na kama mbao hizo zitazungushwa katika miji ya Ulaya kwa lori na kuwekwa katika kumbi za parokia. Yule mzungu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema swali langu ni la haki, na kwamba hana jibu ambalo halingekuwa aibu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaongeza, kwa kuwa nilitaka ugomvi na nilikuwa nimenyimwa: je, na leo, katika nchi zetu wenyewe, hakuna watu wanaochukuliwa usiku?

Bwana mmoja wa safu ya kwanza, amevaa abakosti ya kijivu, suti ile isiyotaka tai, na beji ya Chama kifuani, akageuza shingo polepole.

"Citoyen," alisema, kwa neno la Chama la kumwita mwananchi, "tumekuja kutazama picha za Ulaya."

Nikakaa. Ilikuwa haraka kiasi kwamba kiti kililia.

Nilipotafuta mtoto nilimkuta pale pale mbele ya msichana wa ngazini. Mkoba ulikuwa wazi miguuni. Mkononi alikuwa ameshika simboli, ameiinua karibu na picha, analinganisha.

Niliijua kabla sijaifikia. Haikuwa nyingine, ni ile ile ya zamani zangu: kipande cha kreti ya bia, na nusu ya herufi mbili za rangi nyekundu bado zinaonekana, kingo zimekuwa nyeusi na laini kwa jasho la shingo za watoto.

"Inalala kwako?"

"Ndiyo."

"Nani alikupatia?"

Akamtaja msichana wa darasa lao aliyekuja mwaka ule kutoka Luhwindja, anaishi kwa shangazi yake huko Kasha, anatembea asubuhi saa nzima na nusu kuja masomoni. Mtoto asiyejua Kifaransa hata cha kuomba ruhusa ya choo. Nilijua habari zake kwa sababu mezani kwetu walimcheka.

"Alinikanyaga kidole ya muguu. Na nguvu. Nikasema 'weye!' Akanivalisha."

"Juu ya nini alikukanyaga?"

Akageukia mkoba wake.

"Nauliza. Nani alimufundisha kukanyaga batu?"

"Sisi," alisema. "Yeye ni mwepesi. Ukimukanyaga analia na Mashi, anaita mama yake. Kila siku iko naye. Bote banafanyaka vile, tonton." Kisha, haraka, akiwaza Jumatatu: "Lundi mapema nitamukanyaga mbele kengele ilie. Yeye njo ataenda kwa bendera. Yeye amezoea."

Nilimshika mkono kwa nguvu zaidi kuliko nilivyokusudia na kumtoa nje. Nilimpigia kelele katika mvua ndogo, mbele ya watu, kwa Kiswahili. Nilimwambia ameona nini mle ndani, ana macho ya nini, ana roho ya nini. Alilia bila sauti. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu, ziwa limejificha nyuma ya ukungu, aliniuliza, si kwa jeuri, alitaka tu kujua:

"Na weye, tonton? Ililalaka kwako?"

"Hata siku moja," nilisema.

Na nikasikia nilivyolisema. Kwa fahari.

Nilikuwa na rafiki. Nilipokuwa na miaka kumi, Jumamosi moja, simboli ilikuwa shingoni mwangu na kengele ilikuwa karibu. Mama alikuwa amenipa karanga. Nikamwendea rafiki yangu nyuma ya darasa, nikamnyooshea mkono, nikamwekea karanga kiganjani. Akasema, "Aksanti," kwa Kiswahili. Nikaivua na kumvisha. Nilikuwa mwepesi wa mbinu hiyo; niliitumia mara nyingi, kwa wengi, kwa muwa, kwa kipande cha chaki. Wenye adabu ndio walionasa. Sikumbuki hata mmoja wao aliyekataa kukishika nilichompa.

Ubao si nyota. Nataka lieleweke hili, kwa sababu nachukia watu wanaosawazisha mambo ili waonekane wamefikiri. Sisi tulifagia vyoo tukarudi nyumbani kula. Wale hawakurudi. Mtoto alikuwa amelijua hilo kwa kidole chake, neno baada ya neno. Lakini hakuwa ameniuliza nani aliua. Aliniuliza nani alishona, na nani humpa nani. Maswali hayo hayakuwa kwenye orodha yangu.

Jioni ile Yaya aliikuta simboli mezani, kando ya sahani ya sombe.

"Hii inafanya nini hapa?"

"Uliza shule yako," nilisema.

"Shule yangu! Shule yangu njo ile ilikutoa Kasai na kalamu na kukutupa Lubumbashi na bursa?" Hakukosea sana: insha niliyoandika Kananga, kule Kasai nilikomaliza sekondari, ndiyo iliyonipatia nafasi na msaada wa masomo ya chuo. "Kifaransa ile unatukaniaka nayo padri, uliitoa wapi? Iliota kwa kichwa kama nywele?"

"Nitaenda kwa direkta wa shule Jumatatu."

"Utaenda kumwambia nini? Unajua nilipiga magoti mara ngapi kusudi bamupokee? Weye hauna kazi, hauna muke, hauna hata barua, unataka kumufukuzisha mutoto wangu." Akamgeukia binti yake, na sauti ikashuka. "Sikia. Lundi umupatie mwengine, ikwishe. Unaelewa? Usikubali kusimama pale."

"Nitaichoma," nilisema. Niliichukua kweli.

"Tonton, apana," alisema mtoto, kama mtu mzima anayechoka. "Batakata ingine. Mbao ni mingi."

Jumapili, tukitoka misani, alitembea nyuma yetu muda mrefu. Kisha akanikimbilia.

"Tonton. Kama mutu hapatie mwengine, inafanya nini?"

"Inabaki kwake."

"Inabaki kwake tu?"

"Kwake tu. Ni moja."

Aliruka dimbwi la maji. "Basi bengine bote banaweza kusema."

Nilikuwa nimepita miaka sita chini ya ubao ule, na mitano ya chuo kikuu juu yake, na sikuwahi kufika hapo.

Jumatatu nilimsindikiza. Nilikuwa na hotuba ya direkta, nimeiandaa kwa Kifaransa, yenye sehemu tatu. Langoni alisimama yule msichana wa Luhwindja, miguu mitupu, matope mekundu hadi magotini, mgongo ameuegemeza ukutani ili asifikiwe kutoka nyuma. Alipomwona mtoto wetu alikunja vidole vya miguu. Mtoto wetu akampita. Alipita karibu sana, na mguu wake haukugusa kitu.

Kisha filimbi ikapigwa na bendera ikaanza kupanda. Sheria ilijulikana: bendera ikipanda, kila mtu asimame alipo, hata mwenye mzigo kichwani. Barabarani mama wa ndizi alisimama. Baiskeli ilisimama. Nami nilisimama nje ya ua wa miti, mikono imenyooka mapajani, nikatazama kati ya matawi. Wimbo ukaisha, lakini hatukuruhusiwa, filimbi ya pili ilikuwa bado. Direkta akaita aliyelala na simboli. Mtoto akatoka mstarini. Ubao ulikuwa mkubwa kwa kifua chake.

Aliulizwa kwa Kifaransa hakumsikia mtu yeyote akikosea, asubuhi nzima?

"Hapana, bwana direkta."

Alidanganya. Wote walikuwa wamesema mbele yake, nilisikia hata mimi.

Fimbo tano si nyingi. Zilihesabiwa kwa sauti na darasa lake, kwa matamshi mazuri. Nilikuwa mita kumi na tano. Nilikuwa nimemuuliza mzungu Jumamosi, mbele ya ukumbi mzima, maswali juu ya mikono iliyokatwa na watu wanaochukuliwa usiku. Nilisimama wima hadi filimbi ya pili.

Direkta alinipokea vizuri. Alinipa kiti. Zamani zangu alikuwa mwalimu wa kawaida. Sasa alikuwa na mvi, na picha ya Rais juu ya kichwa chake. Sikufika hata kwenye sehemu ya kwanza ya hotuba.

"Nakukumbuka," alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Miaka sita hapa, na simboli haikulala kwenu hata siku moja. Watoto kama wewe ni wachache. Mwambie huyo binti wa dada yako ulivyofanya."

Nilitoka bila kumuaga. Hicho ndicho nilichokifanya kwa ushujaa wangu wote: sikumuaga mzee.

Hakuitoa Jumatatu. Hakuitoa Jumanne. Alifagia vyoo akarudi akinuka, akanawa, akala. Hakujieleza, nami sikumsifu. Niliogopa nikimsifu ataacha. Ila alitusimulia, mdomo umejaa, kwamba uwanjani sasa kuna kelele sana. Kwamba yule wa Luhwindja anajua hadithi za sungura nyingi kuliko mtu yeyote, na akisimulia kwa Mashi hata wa darasa la sita wanakaa chini, na wasioelewa wanatafsiriwa kwa Kiswahili. Kwamba mwalimu akikaribia wote wanamtazama yeye, mwenye ubao, na yeye anatazama miti.

Jumatano kamba ilikuwa imemkata shingo. Yaya aliona alama wakati anamnawisha. Nilingoja aseme kitu. Nilingoja aseme "mupatie mwengine." Alikwenda chumbani, akarudi na kipande cha kitenge cha zamani na sindano, akakaa barazani penye mwanga, akaanza kukizungusha kwenye kamba na kukishona. Alishona polepole. Mishono ilikuwa midogo midogo, sawasawa.

"Yaya," nilisema. "Unamushonea?"

"Unataka imukate?"

"Nataka uende naye kule ukaitupe usoni mwa yule muzee!"

"Weye ulienda," alisema bila kuinua macho. "Ulitupa?"

Niliingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo. Kisha nikasimama nyuma ya mlango huo, kama mpumbavu, nikisikiliza uzi unavyopita kwenye kitambaa.

Alhamisi akarudi akinuka vyoo. Ijumaa alirudi mapema kidogo, na shingoni bado alikuwa na ubao wenye kitambaa cha maua. Aliketi barazani miguuni pa mama yake. Hakulia.

"Leo balikata ingine," alisema. "Sasa iko mbili."

Hakuna aliyeuliza ya pili ni ya nani; msimulizi wa hadithi za sungura alikuwa mmoja.

"Ni mupya," alisema. "Hata habailainishe. Na kamba ni ya mukonge, inachoma." Akavuta kidogo kitambaa shingoni mwake, akakipima kwa vidole. "Maman, ile kitenge imebaki?"

Yaya alimtazama. Kisha alinitazama mimi, muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakuonekana kuwa na hasira nami, na hapo ndipo nilipopata hasira ambayo sijaimaliza hadi leo. Alinyoosha mkono, akanipa sindano na uzi.

"Macho yangu imechoka," alisema. "Nitungie."